Mtani Wangu Alinidai Kidonge

Bwana asifiwe, ninyi mnaosoma wenyewe na ninyi mtakaosomewa! Asifiwe hapa Tabora mjini, na asifiwe kule porini kwenye mizinga, ambako hakuna wa kuitikia amina ila nyuki!

Mimi ni Mzee Maganga. Wengi mnanijua kwa asali. Wengine mnanijua kama yule mzee wa kanisa anayesema ukweli mpaka watu wanaangalia viatu vyao. Shule niliishia darasa la tatu. Baba alisema kalamu haisongi ugali, akanipa shoka na kamba, akanipeleka msituni kule mbele ya Igalula. Nilianza kwa kubebea watu masega. Leo mizinga ni yangu, nyumba ya matofali ya kuchoma ni yangu, na hakuna aliyenishika mkono ila Mungu. Sisemi hivyo kwa majivuno. Au tuseme ni majivuno kidogo, Mungu ananijua.

Mchungaji aliniomba nisimame nishuhudie. Nilisimama, mliniona. Lakini niliruka mambo mengi, nikakaa. Kwa hiyo sasa naandika, nisiruke kitu.

Ndugu zangu, mke wangu, Mama Kabula, alikwisha kutangulia. Mtu akifiwa na mke, hakuna tena anayekiona kifua chake. Watoto wanauona uso, kanisa linaiona suti. Kifua anakiona mwenyewe, tena akiwa anaoga haraka.

Nilikuwa kambini msituni, nimetoka kurina, nanawa. Mkono ukapita kifuani upande wa kushoto, ukagonga kitu nyuma ya chuchu. Kigumu kama kokwa ya ukwaju. Nikakibonyeza, hakiumi. Nikasema: nyuki. Sisi warina asali ndivyo tulivyo, kila uvimbe ni wa nyuki. Nikapaka asali, nikavaa shati, nikaendelea na kazi.

Uvimbe wa nyuki huwasha, halafu hunywea. Huu haukuwasha wala haukunywea. Nikaongeza asali! Msimu ukaisha, ukaja mwingine. Miti ya miyombo ikatoa maua, nyuki wakaongezeka mpaka makundi yakaanza kuhama mizinga, na kile kitu kifuani nacho kikaongezeka. Chuchu ikaanza kuvutwa ndani kama kuna kitu kinachoinyonya kutoka upande wa pili. Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Jioni nilikaa kambini na moto wangu, nikasikiliza fisi, nikajisemea kwamba mwanaume hana titi, na asiye na titi hawezi kuugua titi. Hesabu hiyo niliiona imekamilika.

Basi Jumapili moja nimesimama na kapu la sadaka, shati jeupe, dada mmoja wa kwaya akaninong'oneza, "Mzee, kalamu yako inavuja mfukoni." Nikaweka mkono. Sikuwa na kalamu. Lilikuwa doa la damu. Nikamjibu, "Kalamu za siku hizi, binti yangu!" Nikaenda zangu nyuma ya kanisa, nikasimama pale ukutani mpaka nyimbo zikaisha.

Hapo nikaenda hospitali. Wakanipima, wakanisogeza mbele, Dodoma, kwenye hospitali kubwa. Na hapa, ndugu zangu, sikilizeni ujinga: nilipoaga kanisani nilisema ninaumwa tumbo. Mkaniombea tumbo. Mlifunga kwa ajili ya tumbo langu! Akina mama mlilia machozi kwa ajili ya tumbo ambalo lilikuwa zima kabisa, linasaga mihogo mikavu. Nilipanda treni na maombi yenu yote, na hakuna hata moja lililokuwa na anwani ya ugonjwa wangu. Nilikaa dirishani tangu Tabora. Sijawahi kuwa peke yangu msituni kama nilivyokuwa peke yangu ndani ya lile behewa lililojaa watu.

Kule kliniki kuna benchi refu. Limejaa wanawake. Nikakaa mwisho, kofia nimeiteremsha. Muuguzi akapita akauliza kwa upole, "Shikamoo babu. Umemsindikiza nani?"

Nikasema, "Marahaba. Nimejisindikiza."

Vichwa vya benchi zima vikainuka. Kisha mama mmoja mwembamba, kajifunga kitambaa kichwani kwa sababu dawa za mshipa zilikwisha kumnyonyoa nywele, akageuka akanitazama toka kofia mpaka viatu.

"Mzee, unatoka wapi wewe?"

"Tabora."

"Kabila?"

"Mnyamwezi."

Akapiga makofi. "Haya jamani, mzigo umefika! Mpagazi wangu huyu! Mimi Mgogo. Simama hapo hapo. Toa hongo!"

Kwa vijana wasiojua: babu zetu Wanyamwezi walibeba mizigo kwa miguu kutoka huku mpaka pwani, na njia ilipita Ugogo. Mtemi wa Kigogo alikuwa hamruhusu mtu kupita wala kuchota maji mpaka alipwe ushuru, na ushuru huo ndio ulioitwa hongo. Katika njia ile ndipo ulipozaliwa utani wetu. Mtani anaweza kukuambia usoni lile ambalo ndugu yako analimeza. Na ukifa, mtani ndiye mwenye kushughulikia msiba wako.

Nikamjibu, "Wagogo nyie, hata maji ya Mungu mliwauzia babu zetu! Leo benchi la serikali nalo mnaliuza?"

Wanawake wakacheka. Mmoja akasogea, nikapata pa kukaa vizuri. Yule mama aliitwa Mama Ndahani, mjane, muuza karanga wa huko Manyoni. Tangu siku ile hakuniita jina langu hata mara moja. Ni Mpagazi tu.

Wakanifanyia upasuaji, wakalitoa titi lote. Kinyama wakakipeleka maabara. Nikarudi kuchukua majibu. Daktari alikuwa binti mdogo, angeweza kuwa mjukuu wangu, lakini anaongea kama mtu anayejua anachosema.

Akasema, "Babu, kwenye damu yako kuna homoni. Homoni ni kama mjumbe, anatembea mwilini na amri zake. Huu uvimbe wako, seli zake zina vipokezi, yaani kama viti, na mjumbe anayekaa hapo ni homoni ya kike. Akishakaa, anaiamuru seli igawanyike. Zinakuwa mbili, nazo zinagawanyika. Hivyo ndivyo saratani hii inavyokua."

Nikasema, "Binti, umekosea faili. Mimi nina homoni ya kike?"

"Kila mwanaume anayo, babu. Kidogo, lakini anayo. Kama mwanamke naye alivyo na ya kiume kidogo. Ndivyo Mungu alivyoumba."

Akanipa vidonge. Akasema kidonge hicho kinakwenda kukaa kwenye kile kiti, mjumbe akija anakuta kimekaliwa, amri haitolewi. Nikamwambia si mmeshakata? Akasema wamekata kinachoonekana, lakini mbegu ndogo zinaweza kuwa zimesalia mahali, zinasubiri kuamriwa. Kwa hiyo kidonge ni kila siku, kwa miaka.

Nilirudi Tabora nimekasirika. Sikukasirikia saratani. Nilikasirikia neno "kike". Mimi niliyepanda miti ambayo vijana wanaiogopa! Vidonge nilivimeza siku chache, joto likaanza kunipanda ghafla usoni, jasho linanitiririka hata asubuhi ya baridi. Mnakumbuka nilivyokuwa najipepea na kitabu cha nyimbo, mkadhani Roho ameshuka? Hakuwa Roho. Vilikuwa vidonge. Na lile joto nilikuwa nalijua, nililionaga kwa Mama Kabula alipofika umri wa kukoma siku zake. Nikasema haiwezekani. Nikaviacha.

Na si kuviacha tu. Nikakaa nikafikiri kwa akili yangu ya darasa la tatu, tena siku ile niliiona ni akili kubwa sana. Nikasema: kama adui anakula cha kike, mimi nitaongeza cha kiume mpaka afe njaa! Nikaenda sokoni kwa muuza mitishamba, nikanunua unga wa nguvu za kiume. Nikaukoroga kwenye asali yangu mwenyewe, nikanywa asubuhi na jioni. Muuzaji ananikonyeza, "Mzee umepata chombo kipya!" Ningemwambia nini? Nikatabasamu kama bwana harusi. Nikaenda nyumbani nikafunga mlango, nikakaa na ukimya wangu.

Siku ya kurudi kliniki ikafika. Ndugu zangu, hapa ndipo Bwana alipoanza kunifungua, na hakutumia malaika. Alimtumia Mgogo.

Mama Ndahani alikuwa amekonda zaidi. Tulitoka nje kunywa uji, akaniuliza, "Mpagazi, kidonge chako kinaendaje?"

Nikasema, "Nimekitema. Ni dawa ya kike."

Nilitegemea acheke. Hakucheka. Akaweka kikombe chini.

"Rudia."

Nikarudia, na ule unga wa sokoni nikamweleza. Akanisogelea.

"Unajua mimi waliponipima waliniambia nini? Uvimbe wangu hauna viti hivyo. Hata kimoja. Haujali homoni, haungojei amri ya mtu. Kwa hiyo kidonge kama hicho kwangu hakina pa kukaa, hakinisaidii. Nimebaki na dawa za mshipa, nazo zimeanza kushindwa. Mimi ningekipata cha kunisaidia hivyo, ningekila na karatasi yake! Na wewe, mjinga mkubwa, umepewa, unatema? Babu yako alibeba pembe za ndovu kutoka Tabora mpaka bahari ya chumvi hakuziangusha. Wewe mjukuu wake umeshindwa kubeba kidonge?"

Watu wanapita, wanatuangalia. Mimi, Mzee Maganga, nasemwa mchana kweupe kama mtoto aliyemwaga maziwa. Nikataka kuinuka.

Akanishika mkono wa shati. "Kaa! Mimi ni mtani wako. Ukifa, shughuli yako ni yangu, na mimi sina nguvu ya kuja Tabora kukuzika wewe kwa ajili ya ujinga. Hongo niliyokudai siku ile hujalipa. Leo naitaja. Hongo yangu ni kidonge hicho. Kila asubuhi."

Tukaingia kwa daktari pamoja, ananisukuma kama mbuzi. Akanishtaki mwenyewe. Yule binti hakunigombeza. Alisema, "Babu, mwili wa mwanaume unachukua homoni ya kiume unaigeuza kuwa ya kike, hasa kwenye mafuta ya mwili. Ndiko yako inakotoka. Ule unga hatujui una nini ndani yake. Lakini hata kama kweli unaongeza ya kiume, ungekuwa unadhani unamnyima adui unga, kumbe unampelekea gunia la mahindi asage mwenyewe."

Nikaelewa. Si kwa maneno ya daktari, kwa nyuki. Nyuki hawaongezeki kwa sababu mzinga ni mzuri. Wanaongezeka kwa sababu miyombo imechanua. Maua yakitoka, malkia anataga, kundi linajaa, linapasuka, linahama kwenda kutafuta mti mwingine. Nilikuwa nimelitazama jambo hilo maisha yangu yote, na lilipotokea kifuani kwangu sikulitambua! Maua siwezi kuyazuia, yamo katika damu yangu, Mungu aliyaweka. Lakini nimepewa kitu cha kumfunga nyuki mdomo. Na nilikuwa nakitema.

Siku hiyo Mama Ndahani akaandika namba yangu, na tangu hapo kila asubuhi simu inalia. Anayepiga yuko Manyoni. Salamu hakuna.

"Hongo?"

"Subiri nishike maji."

"Nasikiliza. Meza nisikie."

Nameza, nasema, "Nimelipa, mnyonyaji wewe." Naye anasema, "Pita." Basi. Anakata. Wakati mwingine anaongeza tusi la kabila langu, nami narudisha la kwake. Ndugu zangu, tangu Mama Kabula aondoke, hiyo ndiyo ilikuwa sauti ya kwanza ya mtu kuingia nyumbani kwangu asubuhi inayojua mimi ninaumwa nini. Joto lilikuwa linanipanda bado. Nililivumilia. Niliwaambia kliniki, wakanipa namna ya kulipunguza.

Halafu simu zikaanza kuchelewa. Sauti yake ikawa ndogo. Siku nyingine anasema "Hongo" tu, hana pumzi ya kusema "Pita." Nikaanza mimi kupiga. Nikamuuliza siku moja, "Mtani, na wewe nikudai nini?" Akasema, "Mimi sina cha kubeba tena, Mpagazi. Nimeshaufikisha mzigo."

Asubuhi moja simu haikulia. Nikapiga. Ikaita, ikaita. Nikakaa na kidonge mkononi mpaka kikaanza kulainika kwa jasho. Kisha akapokea binti yake. "Wewe ndiye Mpagazi? Mama ameandika hivyo kwenye simu. Mama amefariki, baba."

Nilikimeza siku ile. Hakuna aliyesema pita.

Nikapanda treni. Njia ile ile ya babu zetu, kwenda mashariki. Nikafika msibani hakuna anayenijua, nimesimama kando na kofia yangu. Walipolitoa jeneza kulipeleka makaburini, ndugu zangu, nguvu ikaniingia. Nikakatiza mbele ya wabebaji nikatanua mikono katikati ya njia.

"Hapiti mtu hapa! Hongo!"

Watu wakashtuka. Mzee mmoja wa Kigogo akaniuliza kwa ukali, "Wewe nani?"

"Mimi Mnyamwezi! Miaka yote mmewatoza babu zangu hapa, leo zamu yangu. Huyu mama hapiti mpaka alipiwe!"

Ndipo wakaelewa. Wazee wakaanza kucheka huku machozi yanawatoka, kama ilivyo desturi watani wakifika. Mmoja akanitupia kuku, mwingine kibuyu. Nikakataa vyote. Nikatoa kidonge mfukoni, nikakiinua juu wote wakione.

Nikasema, na ilikuwa mara ya kwanza kusema mbele za watu, "Mimi ni mwanaume, na ninaugua saratani ya titi. Titi langu limekatwa. Saratani yangu inakuzwa na homoni ya kike iliyomo mwilini mwangu, na hiki ndicho kinachoizuia. Nilikuwa nimekiacha. Huyu alinilazimisha nimeze kila asubuhi, na yeye mwenyewe hakuwa na cha kumeza. Leo namlipa."

Nikakimeza pale pale bila maji. Nikagonga jeneza kwa kidole, nikasema, "Nimelipa. Pita, mtani." Nikajitoa njiani.

Bwana apewe sifa! Wengine mnataka niseme uvimbe uliyeyuka kwa maombi. Sisemi. Sidanganyi mbele ya madhabahu. Uvimbe ulikatwa kwa kisu, na kilichobaki, kama kipo, kinazuiwa kwa kidonge, na mpaka leo wakinipima hawaoni umerudi. Kesho ya Mungu siijui. Lakini kufunguliwa nimefunguliwa! Nilikuwa nimefungwa katika shati langu mwenyewe, vifungo vyote mpaka shingoni, nafia humo ndani. Mungu alinifungua kwa ulimi wa mwanamke aliyekuwa anakufa. Namshukuru. Namshukuru na huku naona uchungu, kwa sababu sijui kwa nini aliniachia mimi kiti cha kukaliwa na kidonge, mtani wangu akamnyima. Nimemuuliza Mungu msituni, hajanijibu. Bado namtumaini.

Ninyi wanaume mnaosoma hapa, mkioga leo jipapaseni vifua. Ukikuta kitu kigumu, usiseme nyuki, usiseme jipu, usipake asali, hata kama ni ya kwangu. Nenda hospitali. Na ninyi akina mama mliopewa kidonge mkakichoka, msikiache kimya kimya, mwambieni daktari kinachowasumbua. Mtumaini Mungu, na umwambie mtu kweli. Ukiomba uombewe, taja kiungo chenyewe. Aibu yako haimshangazi Bwana aliyekiumba.

Na kanisa langu, nina ombi moja. Tumbo langu mliliombea vizuri, sasa liacheni. Asubuhi nyumbani kwangu kuna kimya. Naweka kidonge mezani, naweka maji, nakaa, naangalia simu. Namba yangu mnayo, ninyi nyote mnaonunua asali. Kesho kabla jua halijapanda, mmoja wenu apige. Asinisalimie. Aseme tu, "Hongo?"

Mimi nitakuwa nimeshika maji.